Mayokaditisi na kinga ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nilianza kuyaandika kwenye daftari mdogo wangu alipolazwa na moyo uliovimba, akiwa na miaka 24, kijana ambaye hajawahi hata kulazwa. Mengine nimeyaongeza baadaye kwa sababu kila familia ninayokutana nayo inauliza yale yale. Nimejaribu kujibu kwa lugha ya kawaida. Dozi na maamuzi ya matibabu hayo ni ya daktari anayemuona mgonjwa.

Mayokaditisi ni nini hasa?

Ni kuvimba kwa msuli wa moyo, yaani ile nyama yenyewe inayosukuma damu. Watu wengi wakisikia "uvimbe" wanadhani kuna kitu kimeota ndani ya moyo kama saratani au jipu, hapana, sio hivyo. Hapa kuvimba ni kama kule kunakotokea ukiteguka mguu: maji yanajaa kwenye nyama, seli nyeupe za damu zinamiminika pale, panauma, panakuwa pazito. Tofauti ni kwamba mguu ukivimba unaupumzisha, moyo huwezi kuusimamisha hata dakika moja, unaendelea na kazi hivyo hivyo ukiwa umevimba.

Alafu kuna jambo lingine ambalo ndo linafanya ugonjwa huu uwe mzito. Seli za msuli wa moyo karibu hazizaliwi upya. Kwa mtu wa miaka 25 zinazobadilishwa kwa mwaka mzima ni kama asilimia 1 tu, na ukizeeka hata nusu ya hiyo haifiki. Ngozi ikichubuka inaota nyingine, lakini seli ya moyo ikifa panabaki kovu, na kovu halisukumi damu, tena linaweza kuvuruga njia ya umeme wa moyo. Kwa hiyo vita yoyote inayopiganwa ndani ya moyo, hata kama kinga inashinda, inaacha hasara.

Inaletwa na nini?

Mara nyingi virusi, na wala sio virusi vya ajabu. Ni vile vile vya mafua, vya kuharisha, vya homa za kawaida: koksaki aina ya B, adenovirusi, pavovirusi B19, virusi vya mafua makali, virusi vya kovidi. Virusi vya Ukimwi navyo vimo. Kuna bakteria pia, kwa mfano sumu ya dondakoo inaumiza moyo moja kwa moja, na kuna kimelea cha ugonjwa wa Chagas ambao daktari wa Brazil Carlos Chagas aliueleza mwaka 1909, huo huko Amerika ya Kusini na Kati umeharibu mioyo ya watu wengi sana.

Halafu kuna zisizotokana na maambukizi kabisa: magonjwa ya kinga kujishambulia kama lupasi, ugonjwa wa sakoidosisi unaojaza vinundu vya seli za kinga kwenye viungo, mzio wa dawa fulani, na dawa za kisasa za saratani ambazo nimezipa swali lake hapo chini.

Kwa hiyo kinachouumiza moyo ni virusi au ni kinga yangu mwenyewe?

Hili ndo swali lenyewe, na jibu ni vyote viwili, ila kwa zamu. Ukielewa zamu hizi utaelewa kwanini madaktari wanasita kutoa dawa ambazo wewe unaona ziko wazi kabisa.

Siku za mwanzo ni za virusi. Virusi vya koksaki na adenovirusi vinaingia kwenye seli ya moyo kupitia mlango mmoja, protini ambayo kazi yake ya kawaida ni kuzishikanisha seli pamoja. Vikishaingia vinazaana, na koksaki ana kimeng'enya kama mkasi kinachokata distrofini, ile protini inayoshikilia ukuta wa seli ya msuli usichanike moyo unapojikunja. Kwa hiyo hata kabla kinga haijaamka vizuri seli zimeshaanza kupasuka.

Wakati huo huo kinga ya kuzaliwa nayo inashtuka. Seli iliyoingiliwa inatoa interferoni, kemikali ya kuwatahadharisha majirani wafunge milango, zinakuja seli za kuua na makrofeji za kula mabaki, na saitokini zinamwagika kuita wengine. Hapa kinga ni rafiki mtupu. Panya wa maabara waliofanywa wasiweze kuitikia interferoni, wakiwekewa koksaki wanakufa ndani ya siku chache.

Ikifika wiki ya kwanza kwenda ya pili zinaingia seli T, zile zilizofundishwa kutambua adui mmoja mmoja. Zinaua seli yoyote ya moyo yenye kirusi ndani. Ni kazi halali, ila kumbuka nilichosema juu, kila seli inayouawa haina mrithi. Na hapa ndo mambo yanageuka, kwa sababu majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba panya walioondolewa seli T walipata uharibifu mdogo wa moyo kuliko wenzao wenye kinga kamili, kirusi kikiwa kile kile. Yaani sehemu kubwa ya uharibifu haikuwa ya kirusi, ilikuwa ya wale waliokuja kukifukuza.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Kwa wengi kirusi kinaisha, kinga inarudi nyuma, moyo unatulia. Kwa wengine kirusi kinabaki kidogo kidogo ndani ya nyama na vita haviishi. Na kwa wengine kirusi kimeshaondoka zamani lakini kinga inaendelea kupiga, sasa inapiga moyo wenyewe.

Kwanini kinga ishambulie moyo wa mwenyewe? Si inatakiwa kuujua?

Inatakiwa, ila kuna mwanya. Seli T zinasomea kwenye tezi moja iko kifuani nyuma ya mfupa, inaitwa thaimasi. Kule zinaonyeshwa vipande vya protini za mwili wako mwenyewe, na seli yoyote inayoonyesha hasira kwa protini ya nyumbani inaondolewa. Sasa mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba kuna aina ya mayosini, protini kubwa ya msuli wa moyo, ambayo haionyeshwi kabisa mle ndani ya thaimasi. Maana yake seli T zinazoweza kuishambulia hazichujwi, zinatoka na kuzunguka kwenye damu ya watu wazima wenye afya, mimi na wewe.

Kwa kawaida hazifanyi kitu kwa sababu mayosini imefungiwa ndani ya seli za moyo na haionekani. Kirusi kikipasua seli inamwagika nje, tena inamwagika wakati ambapo mazingira yote yanapiga kelele za hatari, ndipo zile seli zinaikuta na kuiona adui. Ushahidi wake uko wazi: panya akichomwa sindano ya mayosini ya moyo pamoja na kichochea kinga anapata mayokaditisi, bila kirusi chochote.

Njia nyingine ni kufanana. Kipande cha mdudu kinafanana na kipande cha moyo, kinga ikijifunza kupiga kimoja inapiga na kingine. Mfano unaojulikana sana ni homa ya rumatiki, inaanza na maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka, wiki chache baadaye kinga iliyojengwa dhidi ya yule bakteria inageukia viungo na moyo, hasa vali, yaani milango ya damu ndani ya moyo. Ndo maana koo la mtoto likithibitishwa ni la streptokoka lisiachwe hivi hivi, penisilini ya mapema inazuia mlolongo wote huo.

Kitu kinachotulinda wengi wetu ni seli T za kudhibiti, zenyewe kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Nobel ya tiba ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kuzigundua na kueleza zinavyofanya kazi. Mimi nilifurahi sana siku ile, kwa sababu hizo seli ndo zinazoamua kama moyo wa mtu utatulia au hautatulia.

Dalili zake ni zipi?

Maumivu ya kifua, kuhema hata ukipanda ngazi chache, moyo kwenda mbio au kurukaruka, uchovu usioelezeka, kizunguzungu au kuzirai, miguu kujaa. Mara nyingi wiki moja au mbili kabla kulikuwa na mafua, homa au tumbo la kuharisha, na mgonjwa alidhani ameshapona.

Shida ni kwamba kijana akisema kifua kinauma watu hawawazi moyo. Mdogo wangu sehemu ya kwanza aliyoenda alipewa dawa za vidonda vya tumbo akarudi nyumbani, siku mbili baadaye hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Namuomba kila anayesoma hapa, maumivu ya kifua yanayokuja baada ya homa, hasa yakiambatana na kuhema au kuzirai, yadai upimwe moyo siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kwa watoto wadogo ni ngumu zaidi sababu hawasemi kifua. Unaona mtoto anapumua haraka, hataki kunyonya au kula, anatapika, tumbo linamuuma, amepoa na kulegea kuliko homa yenyewe inavyoonekana.

Inapimwaje?

Kwanza kipimo cha umeme wa moyo, ECG, na damu kuangalia troponini, protini inayovuja seli za moyo zikiumia. Alafu eko, ile picha ya mawimbi ya sauti, kuona moyo unasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kwa sababu dalili na vipimo hivi vinafanana sana na vya shambulio la moyo, mara nyingi wanapiga picha ya mishipa ya moyo kuhakikisha haijaziba. Mishipa ikiwa mizuri na troponini iko juu, mayokaditisi inapanda juu ya orodha.

Kinachosaidia sana siku hizi ni MRI ya moyo, picha ya mashine ya sumaku. Inaonyesha maji kwenye nyama na inaonyesha kovu, bila kumchoma mtu kisu. Vigezo vya kusoma picha hizo vinaitwa vya Lake Louise, vilitolewa 2009 na kuboreshwa 2018.

Nimeambiwa wanataka kuchukua kipande cha moyo. Kweli ni lazima?

Sio kwa kila mtu, lakini usikatae kwa hofu tu kabla hujauliza wanatafuta nini. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo au wa paja hadi ndani ya moyo, wananyofoa vipande vidogo sana. Hatari ipo, moyo unaweza kutoboka au mapigo kuvurugika, ila mikononi mwa wazoefu ni nadra.

Faida yake ni kwamba hakuna kipimo kingine kinachokwambia ni seli gani za kinga zimejaa pale. Je ni limfositi za kawaida (kundi lenye zile seli T), ni eosinofili (seli nyeupe za mzio na minyoo), au ni zile seli kubwa zilizoungana ambazo zinaua watu haraka? Na je kuna vinasaba vya kirusi ndani ya nyama au hakuna? Matibabu yanategemea majibu hayo. Kama moyo unadhoofika kwa kasi, au umeme wake umekatika, au mgonjwa haitikii dawa za kawaida, mimi ningekubali.

Kama kinga ndo inaharibu, kwanini wasinipe steroidi, zile dawa za kutuliza kinga, mara moja waizime?

Nililiuliza hili kwa hasira pale wodini, nikaona kama wanamchelewesha mtu.

Jibu ni kwamba walishajaribu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, wagonjwa 111 wenye mayokaditisi iliyothibitishwa kwa kipande cha nyama, wengine wakapewa prednisoni, ambayo ni steroidi, pamoja na dawa ya pili ya kutuliza kinga, wengine wakapewa tiba ya kawaida. Nguvu ya moyo iliongezeka karibu sawa kwa pande zote, na vifo havikupungua. Watu wengi wakahitimisha kwamba kutuliza kinga hakuna maana.

Lakini rudi kwenye zile zamu. Mle ndani walichanganywa wagonjwa ambao bado wana kirusi na ambao kirusi kimeisha. Ukimzimia kinga mtu ambaye kirusi bado kinazaana unamfungulia adui mlango. Ndo maana utafiti wa Italia wa 2009 ulichagua tu watu ambao vipande vya moyo havikuwa na kirusi na moyo ulikuwa dhaifu kwa zaidi ya miezi sita, wakawa 85. Waliopewa prednisoni na azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, kwa miezi sita, asilimia 88 moyo uliimarika, na waliopewa vidonge vitupu hakuna aliyeimarika hivyo. Dawa ni za familia ile ile, tofauti ikawa ni nani anapewa na lini.

Kwa hiyo ukisikia daktari anasema "tusubiri kwanza tuone" sio lazima awe mzembe. Muulize mambo mawili: mnadhani huyu yuko hatua gani, na nini kitawafanya mbadilishe uamuzi? Mwenye kujua kazi yake atakujibu.

Kuna aina ambazo steroidi haisubiri?

Zipo. Ya kwanza ni ile ya seli kubwa, madaktari wanaiita ya jayanti seli. Ni nadra, inawapata hata vijana wazima kabisa, na ni seli T zinazoongoza mashambulizi. Kwenye kumbukumbu zilizochapishwa 1997 za wagonjwa 63, wale ambao hawakutulizwa kinga waliishi wastani wa miezi mitatu tu tangu dalili zianze, waliopewa mchanganyiko wenye siklosporini, dawa inayotuliza seli T, walifika kama mwaka mmoja, na wengi walihitaji kupandikizwa moyo mwingine. Leo wanaoanzishwa mapema wanaishi zaidi ya hapo, lakini dawa hazitakiwi kuachwa hovyo maana ugonjwa unarudi.

Ya pili ni ya eosinofili, mara nyingi inatokana na mzio wa dawa au minyoo au ugonjwa wa damu. Hapo kwanza unatafuta chanzo na kukiondoa, dawa inayoshukiwa inasimamishwa, halafu steroidi. Ya tatu ni sakoidosisi ya moyo, na magonjwa kama lupasi yakiwa yameshika moyo. Na kama mgonjwa ameporomoka ghafla yuko mahututi, hospitali nyingi zinaanza steroidi kwenye mshipa hata kabla majibu hayajatoka, sababu kusubiri kunaweza kugharimu uhai.

Nasikia dawa za saratani zinaleta ugonjwa huu. Ni kweli?

Ni kweli kwa kundi moja hasa, zile zinazofungua breki za kinga. Seli T zina breki, mbili zinazojulikana sana ni CTLA-4 na PD-1. Saratani inajificha kwa kuzikanyaga breki hizo, kwa hiyo dawa inazifungua ili kinga iishambulie. Ugunduzi huu uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Nobel ya 2018 na umeokoa watu ambao zamani wasingepona.

Ila breki zile zile ndo zilikuwa zinaulinda moyo. Na ishara ilikuwepo mapema, mwaka 2001 maabara ya Honjo ilionyesha kwamba kuna panya ambao wakikosa PD-1 wanapata moyo uliotanuka na kufa. Mwaka 2016 wakaripotiwa wagonjwa wawili wa saratani ya ngozi waliopewa dawa mbili za aina hii kwa pamoja, mioyo yao ikajaa seli T wakafariki.

Kwa bahati nzuri ni wachache, kama asilimia 1 au pungufu ya wanaotumia, wengi ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na hatari inapanda ukichanganya dawa mbili. Lakini wakipata ni hatari sana, vifo vinafika robo hadi nusu. Kwa hiyo mwenye ndugu anayepata dawa hizi akilalamika kifua, kuhema, kope kushuka au misuli kuisha nguvu, arudi hospitali siku hiyo. Dawa inasimamishwa, anapewa steroidi iitwayo methilprednisoloni kwa wingi, kawaida gramu 1 kwa siku kwenye mshipa kwa siku za mwanzo, na isipotulia wanaongeza dawa nyingine kama abatasepti ambayo kwa lugha rahisi inazirudisha zile breki.

Na chanjo ya kovidi?

Inaweza, na sio vizuri kuficha. Chanjo za mRNA, zile za Pfizer na Moderna, zilianza kuhusishwa na mayokaditisi mwaka 2021, hasa vijana wa kiume kuanzia miaka 12 hadi mwisho wa ishirini, hasa baada ya dozi ya pili, ndani ya siku chache. Ni nadra, na wengi walilazwa siku chache wakaruhusiwa wakiwa wanaendelea vizuri. Chanjo ya ndui nayo ilijulikana kuleta kitu kama hiki, ilionekana kwa wanajeshi wa Marekani waliochanjwa 2003.

Upande wa pili ni kwamba kuugua kovidi kwenyewe kunaleta mayokaditisi pia, na ukichukua watu wa rika zote pamoja kunaleta zaidi kuliko chanjo. Kwa vijana wa kiume pengo hilo ni dogo, ndo maana baadhi ya nchi zilirefusha muda kati ya dozi au kuwachagulia aina nyingine. Aliyewahi kuvimba moyo baada ya dozi azungumze na daktari wake kabla ya dozi nyingine.

Sasa tiba ya kawaida ni ipi?

Kwa wengi ni kuusaidia moyo wakati kinga inamaliza kazi yake. Wanaolegea moyo wanapewa dawa zile za moyo kushindwa kufanya kazi: za kushusha mzigo kwenye mishipa, za kutuliza mapigo, za kukojoa maji yaliyozidi. Mapigo yakivurugika yanadhibitiwa, umeme ukikatika wanaweka betri ya muda ya kuendesha mapigo.

Mgonjwa aliyeporomoka kabisa anaweza kuunganishwa na ECMO, mashine inayotoa damu nje ya mwili, kuitia oksijeni na kuirudisha, moyo ukapumzika siku kadhaa. Nimeona watu wakishituka wakisikia mashine wanadhani ndo mwisho. Sio. Kuna wagonjwa wa aina ya ghafla ambao wakivushwa siku zile chache moyo unarudi vizuri kabisa.

Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki usimeze bila kuuliza. Kwenye majaribio ya wanyama zilizidisha uharibifu, ingawa daktari anaweza kuzitumia kama kilichovimba zaidi ni utando wa nje ya moyo na moyo unasukuma vizuri. Pombe acha.

Watoto wanapewa ile dripu ya kingamwili, mbona wakubwa hawapewi?

Hiyo ni kingamwili iliyokusanywa kutoka damu za watu wengi. Kwa wakubwa ilijaribiwa, utafiti wa 2001 wenye wagonjwa 62, haikuongeza kitu kuliko dripu isiyo na dawa kwa sababu moyo uliimarika kwa makundi yote mawili. Kwa watoto hospitali nyingi bado wanaitumia.

Nitumie vitamini au dawa za asili za kuongeza kinga?

Hapana. Nasema hivi kwa upendo maana najua ndugu wanaleta vitu wodini kwa nia njema kabisa. Ukisoma tangu juu umeona shida sio kinga kuwa kidogo. Kama kungekuwa na kitu kweli kinachoipandisha kinga juu juu, mgonjwa mwenye seli T zimejaa moyoni ndo mtu wa mwisho kumpa. Tena dawa nyingi za mitishamba zinagongana na dawa za moyo na za kutuliza kinga, siklosporini kwa mfano inapanda au kushuka kwenye damu kwa kitu kidogo tu. Na usijinunulie steroidi mwenyewe duka la dawa, kwa sababu zile zile za zamu.

Ni ya kuambukiza?

Moyo kuvimba hauambukizi. Kirusi kilichouanzisha kinaweza kuambukiza, lakini atakayekipata mara nyingi atapata mafua tu.

Lini nitarudi mazoezini?

Sio mapema. Ushauri wa kawaida ni miezi mitatu hadi sita bila mazoezi makali wala mashindano, na kabla ya kurudi upimwe upya: troponini imeshuka, eko iko sawa, mapigo hayarukiruki ukipimwa siku nzima au ukikimbia kwenye mashine. Siku hizi madaktari wengine wanafupisha kwa mtu aliyepona haraka na vipimo vyote safi, ila uamuzi huo ni wao.

Sababu ni mbili. Panya wenye koksaki waliolazimishwa kuogelea, virusi viliongezeka sana moyoni na wengi wakafa. Na mayokaditisi ni moja ya sababu zinazojulikana za wanamichezo vijana kuanguka na kufa uwanjani, maana nyama iliyovimba ikisukumwa kwa nguvu umeme unachanganyikiwa. Mdogo wangu anacheza mpira, miezi ile aliona kama kifungo, tulikuwa tunakaa naye jioni tu tuongee ili asitoroke kwenda kukimbia. Kutembea taratibu aliruhusiwa.

Nitapona kabisa?

Karibu nusu ya wagonjwa moyo unarudi sawa ndani ya wiki mbili hadi nne. Kama robo wanabaki na moyo dhaifu kiasi. Waliobaki, kati ya asilimia 12 na 25, wanazidi kuharibika, moyo unatanuka na kulegea, wengine wanafikia kuhitaji moyo mwingine au wanafariki. Aliyeingia hospitali moyo ukisukuma vizuri na hana kovu kubwa kwenye MRI ana nafasi nzuri sana.

Nguvu ya moyo inaweza kuendelea kupanda kwa miezi kadhaa, kwa hiyo eko mbaya ya wiki ya pili isikukatishe tamaa, na eko nzuri ya mwezi wa pili isikufanye uache dawa mwenyewe.

Inaweza kurudi tena?

Kwa wachache inarudi. Ikirudi, au ikiwa kuna ndugu mwingine amewahi kuwa na moyo uliotanuka au kufa ghafla akiwa kijana, waulize kuhusu kupima vinasaba. Kuna familia zenye hitilafu kwenye protini zinazoshikanisha seli za moyo, kwa mfano desmoplakini, na ugonjwa wao unakuja kwa vipindi vinavyofanana kabisa na mayokaditisi, kifua kinauma, troponini inapanda, inashuka, inapanda tena. Hao wanafuatiliwa kwa namna nyingine, na hata wazazi na ndugu zao wanapimwa.

Kwa wengine wote, hudhuria kliniki hata kama unajisikia mzima, weka nakala za ECG na eko zako za zamani mahali unapoweza kuzipata usiku, na kifua kikianza tena usiseme ni kile kile kitapita, nenda nazo zile karatasi, daktari wa zamu akiona za zamani na za leo pamoja ataamua haraka zaidi.